Kompyuta ilivyoniaibisha siku ya mgao

Naandika haya kwa ajili ya makatibu wenzangu wa vikoba, hivi vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana ambavyo mwisho wa mwaka tunagawana pesa, na kwa yeyote mwenye kompyuta nyumbani ambaye kila akiiwasha kuna kijidirisha kinachomoza pembeni kumwambia kuna apdeti, naye anakifukuza kama nzi kwenye kikombe cha chai. Nilizikwepa apdeti miaka mitatu. Nimelipa kwa bando, kwa pesa taslimu, kwa aibu mbele ya watu 27, na kwa picha ambazo sitazipata tena.

Laptopu niliinunua 2021, mtumba wa Ulaya, dukani Kariakoo, shilingi 450,000. Windows 10, memori gigabaiti 4, na diski ya kizamani, ile inayozunguka ndani kama santuri. Muuzaji alinisifia kwamba ni nzito kwa sababu ni imara. Nikapanda nayo basi mpaka Tanga nimeipakata kama mtoto.

Usiku wa kwanza tu, bando likaondoka. Nilikuwa na bando la wiki, gigabaiti 8. Nikafungua hotispoti kwenye simu, nikaunganisha laptopu, nikatuma barua pepe moja, nikapitiwa na usingizi vyote viwili vikiwa vimewaka. Alfajiri nakuta ujumbe wa kampuni ya simu: umetumia asilimia 100. Nilimshuku binti wa jirani, kwa kuwa niliwahi kumpa nywila ya hotispoti siku ya mtihani wake. Nilimuuliza, tena mbele ya mama yake. Yule mtoto akaapa mpaka machozi yakamtoka. Nilikuja kumwomba radhi, ila maneno yakishatoka yameshatoka.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo Dodoma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kompyuta inakula bando yenyewe inawezekana?"

Akacheka. Akaniambia mashine iliyokaa stoo Ulaya miezi kadhaa, ikipata intaneti tu, kitu cha kwanza ni kutafuta masasisho, yaani hizo apdeti, yote iliyoyakosa. Sasisho la kila mwezi linaweza kuwa megabaiti mia kadhaa, na yale makubwa ya kubadilisha toleo zima ni gigabaiti kadhaa. Hotispoti ya simu, kompyuta inaiona kama waifai nyingine yoyote ya nyumbani isiyo na kikomo. Haijui kama umenunua bando la wiki. Inabidi uiambie.

Na kuiambia ni rahisi kuliko kupika uji. Unaingia Settings, sehemu ya mtandao, unabofya jina la waifai uliyounganishwa nayo, unashuka mpaka uone swichi ya "metered connection", unaiwasha. Maana yake: huu mtandao unalipiwa kwa kipimo. Baada ya hapo masasisho mengi hayapakuliwi mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Angalia kitu kimoja: swichi hiyo ni ya mtandao mmoja mmoja. Ukiazima hotispoti ya dada yako, huo ni mtandao mpya, na swichi yake imezimwa. Hilo nililijua baada ya kummalizia dada yangu bando lake.

Nikaishia hapo. Bando limepona, nikaona nimeshakuwa fundi. Vijidirisha sasa vikawa vinakuja kila siku: kuna masasisho yanasubiri, chagua muda wa kuwasha upya, au ukumbushwe baadaye. Mimi na "baadaye" tukawa marafiki. Na nikimaliza kazi sizimi mashine, nafunga kifuniko tu. Nilidhani kufunga kifuniko ni kuzima. Kumbe ni kulala, na mashine iliyolala kwa kawaida haimalizii apdeti inayosubiri kuzimwa na kuwashwa.

Mara moja ilinionya. Saa 3 usiku naandika muhtasari wa kikao, nikaenda jikoni kuipua mboga, narudi nakuta imejiwasha upya. Nusu ukurasa umekwenda. Kompyuta hizi zina kitu kinaitwa "active hours", saa za kazi, ambazo ndani yake haziruhusiwi kujiwasha upya zenyewe. Yangu ilikuwa imekaa kama ilivyotoka kiwandani: saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Saa za mtu wa ofisini. Mimi mchana niko sokoni na mashine imelala, kazi ya kikoba naifanya baada ya isha. Kwa hiyo kila ninapoishika, yenyewe inajua mwenye nyumba ameshalala. Saa hizo zinabadilishwa palepale kwenye ukurasa wa Windows Update, na unaweza kuzitandaza hadi saa 18 kwa siku. Sikujua. Nilisema tu shetani ameipitia, nikaandika upya.

Sasa tufike kwenye mgao.

Jumapili ya tarehe 18 Desemba 2022. Naikumbuka tarehe kwa sababu jioni yake ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa, na waume wa watu walikuwa wameshaagiza kwamba magharibi isiwakute wake zao bado wanagawana. Kikoba chetu kina wanachama 28. Mwaka mzima tumenunua hisa, tumekopeshana, tumelipishana faini, na hesabu zote ninazo mimi kwenye laptopu.

Jumamosi usiku nilimaliza kukokotoa saa 6. Siku hiyo, kwa heshima ya mgao, nikaona nizime mashine kikwelikweli. Pale kwenye alama ya kuzimia palikuwa na kidoti cha rangi ya chungwa ambacho sikuwahi kukitilia maanani, na nilipobofya nikaona mistari miwili ya kuzima: kuzima tu, na kusasisha kisha kuzima. Nikabofya mmoja bila kusoma, kumbe ni ule wa kusasisha. Kioo kikawa cha bluu, vidoti vinazunguka, maneno yanasema usizime kompyuta. Nikasubiri dakika kumi. Macho yalikuwa yanafumba. Nikashikilia kile kitufe cha kuwashia mpaka ikafa, nikalala.

Asubuhi, mikeka imetandikwa chini ya mwembe uani kwa Bi Mwenyekiti, hapa Makorora. Sanduku katikati, wenye funguo wote watatu wamefika, pilau inanukia mpaka barabarani. Nikafungua laptopu, nikaiwasha, nikageuka kumsalimia mwenzetu aliyechelewa. Niliporudisha macho nikakuta ileile bluu ya jana. Inashughulikia masasisho, asilimia 27.

"Dakika mbili jamani," nikasema.

Robo saa baadaye ilikuwa 30. Betri ya mtumba mnaijua. Nilianza kuiona ikipumua. Mtu akakimbia ndani kuleta ekstensheni, haikufika, akaenda kwa jirani kuleta ya pili, wakaziunga, waya ukapita juu ya sufuria la kachumbari. Asilimia 30. Ikajizima. Moyo ukasimama. Ikajiwasha, ikaandika maneno mapya: inarudisha mabadiliko nyuma. Yaani ilishindwa kumalizia kwa sababu niliikata jana katikati, sasa inatengua kila ilichofanya ili irudi ilivyokuwa. Hilo ni jambo jema, ndivyo inavyojiokoa isife kabisa. Lakini kamweleze mtu aliyeacha biashara yake kuja kuchukua pesa yake.

Sauti moja nyuma, kwa utani nusu, ikasema: "Mbona siku za kukusanya haigomi?"

Wakacheka. Mimi nilihisi masikio yanawaka moto. Katibu wa kikoba hana mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa.

Aliyeniokoa ni Bi Mwenyekiti. Yule mama miaka yote amekataa katakata kuacha daftari. Mimi nikiandika kwenye kompyuta, yeye anaandika kwa kalamu, na mara ngapi nilimcheka moyoni. Akalitoa mkobani, akavaa miwani, akasema, "Haya, tuanze na namba moja." Tukagawana kwa daftari na kikokotoo cha simu. Kompyuta iliamka baada ya saa moja na dakika ishirini, hesabu zote zimo salama, lakini hakuna aliyetaka kuitazama. Tulimaliza mpira umeshaanza, kukiwa na upungufu wa shilingi 14,000 uliotokana na haraka, na nikautoa mfukoni mwangu bila kuulizwa.

Hapo nilipaswa kujifunza. Badala yake nilifanya kosa kubwa kuliko yote, na nimegundua baadaye kwamba tuko wengi tuliolifanya. Jumatatu nilikwenda kwa fundi.

"Mama, hizi apdeti ndizo zinazoua mashine," akaniambia. "Nikuzimie?"

"Zima fundi. Zima zote."

Shilingi 15,000. Akaingia ndani kabisa akaizima huduma yenyewe inayoshughulikia masasisho, si arifa tu. Mashine ikawa kimya. Miezi 14 hakuna kijidirisha, hakuna kidoti cha chungwa, hakuna bluu. Mgao wa 2023 ulikwenda kama maji. Nilimsifia yule fundi mtaa mzima.

Machi 2024, mwezi wa Ramadhani, nilikuwa natafuta mishono ya madera ya Idi. Nikafungua tovuti moja, ukurasa ukajaa rangi na alama ninayoijua ya Chrome, programu yangu ya kufungulia intaneti, na maandishi kwamba Chrome yako imepitwa na wakati, sasisha ili uendelee. Kitufe kikubwa cha bluu. Nikawaza: ni kweli, hii mashine sijaisasisha zaidi ya mwaka. Tena nikajiona mtu mzima anayejirekebisha. Nikabofya, faili dogo likashuka, nikalifungua. Kioo kilipepesa, hakuna kilichotokea.

Siku ya pili vijidirisha vilirudi, vingi, kona ileile ya chini kulia: kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa, leseni ya antivirusi yako inaisha leo, sasisho la dharura. Kila dakika. Ukurasa wa kwanza wa intaneti ukabadilika wenyewe. Kisha simu ikaniletea ujumbe kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye barua pepe yangu kutoka mji nisioujua. Hapo ndipo mikono ilianza kutetemeka. Nilibadilisha nywila kwa kutumia simu, si kwa ile laptopu, na hilo ni jambo moja nililolifanya sawasawa mwaka ule, kwa bahati tu.

Fundi wa pili, si yule wa kwanza, aliitazama akasema kuisafisha kwa kubahatisha ni kazi bure, bora kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Hamisha mafaili yako kwanza. Nikahamisha kwenye flashi. Folda ya kikoba ilikuwa tayari kwenye flashi tangu zamani. Folda ya picha nikaiburuta kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka kwenye flashi, ikahamia kwa sekunde moja. Nilipaswa kushtuka kwa ile sekunde moja. Kilichokuwa kwenye kioo cha mbele si folda bali njia ya mkato, kialama tu kinachoonyesha folda iliko. Nilihamisha kibao cha barabarani, nyumba nikaiacha. Ikafutwa. Zilikuwemo picha za Idi ya mwisho ya mama yangu, amekaa barazani na kanga yake ya kijani, anawagawia wajukuu sarafu.

Gharama: kuweka Windows 40,000, na kwa kuwa fundi alishaifungua nikakubali abadilishe diski, akaweka ya kisasa ya gigabaiti 256 isiyozunguka, 90,000. Hiyo ya diski siijutii hata shilingi moja. Apdeti iliyokuwa inachukua saa nzima sasa mara nyingi haifiki dakika kumi.

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwa Idi, Aprili. Baada ya biriani tukakaa ukumbini, akaifungua laptopu, nami nikamwambia safari hii nieleze mpaka mwisho, nisijifanye nimeelewa.

Alianza na swali. "Shangazi, unadhani ile arifa inatumwa na nani?"

Nikasema na Microsoft, watengenezaji wa Windows, si ndiyo wenyewe?

Akasema hapana, na hapo ndipo kila kitu kilipokaa sawa kichwani mwangu. Hakuna mtu Marekani anayekaa akakutumia arifa kwamba wewe wa Makorora unadaiwa apdeti. Kompyuta yako ndiyo inayotoka kwenda kuuliza. Takriban mara moja kwa siku, ikiwa imewaka na ina intaneti, inapiga hodi kwenye seva za Microsoft, yaani kompyuta zao kubwa, na orodha ya ilichonacho, inauliza: kuna kipya kinachonihusu? Kama kipo, inakipakua vipande vipande nyuma ya pazia. Kila sasisho lina sahihi ya kidijitali ya waliolitengeneza, na kompyuta inaikagua kabla ya kulifungua, kama sisi tunavyokagua kufuli zote tatu kabla ya kufungua sanduku. Sahihi ikigoma, linatupwa. Kisha inasakinisha inachoweza wewe ukiendelea na kazi. Lakini kuna mafaili ambayo Windows yenyewe imeyashika muda wote inapofanya kazi, huwezi kuyabadilisha kama usivyoweza kubadilisha mkeka wakati watu wameukalia. Ndiyo maana inaomba iwashwe upya. Kidoti cha chungwa ni hapo: nimemaliza yangu yote, nasubiri uwainue watu mkekani.

Kwa hiyo arifa moja inaweza kumaanisha mambo tofauti, na mimi nilikuwa nazisoma zote kama kelele moja. Kuna ya kukwambia kipo, nikipakue? Hiyo inagusa bando. Kuna ya nimeshasakinisha, nawasha lini? Hiyo haigusi bando, inagusa muda wako. Na kuna ya imeshindikana, yenye namba ndefu inayoanza na 0x. Hiyo usiifukuze, nakili namba uitafute. Yangu iliwahi kuleta 0x80070070, tafsiri yake ni kwamba diski imejaa. Nilifuta filamu za harusi za watu, ikapita.

Na tovuti? Tovuti ya mishono haina habari kompyuta yako inadaiwa nini. Haina orodha yako. Ukurasa wowote wa intaneti unaokwambia umepitwa na wakati na kukupa faili la kufungua unabahatisha, kama mganga anayekwambia una adui ndani ya ukoo. Nani hana? Chrome halisi haisasishwi kwa faili kutoka kwenye ukurasa. Inajipakulia yenyewe kimyakimya, na sasisho linaingia unapoifunga na kuifungua tena. Usipoifunga kwa muda, ile alama ya vidoti vitatu juu kulia inabadilika rangi: kijani sasisho likiwa na siku mbili hivi, chungwa likifika siku nne, nyekundu likipita wiki. Mimi nilikuwa nafungua tabo 40 na kufunga kifuniko, kwa hiyo yangu ilikuwa nyekundu mwaka mzima, nikidhani ni urembo.

Vile vijidirisha vya virusi 5 navyo vilikuwa na siri yake. Kuna tovuti ukiifungua inaomba ruhusa ya kukuletea arifa, na mtu ana haraka anabofya kukubali ili kisanduku kiondoke. Ukishakubali, inakutumia chochote, na kinatokea kona ileile zinapotokea arifa za Windows. Ukitazama kwa haraka huwezi kutofautisha. Lakini soma maandishi madogo: ya tovuti yana jina la brauza, kama Chrome, na anwani ya tovuti iliyotuma. Windows haijitambulishi kwa jina la tovuti ya mishono. Ruhusa hizo unaziondoa kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha na usalama, ndani ya mipangilio ya tovuti, palipoandikwa arifa. Baada ya mashine kuwekwa upya nilikuta nimesharuhusu tena tovuti tatu, ndani ya wiki moja, na sikumbuki hata moja.

Kanuni aliyoniachia ni fupi, na nimeiandika kwa kalamu nikaibandika kwenye meza: ikitokea arifa ya apdeti ya Windows, usiibofye. Ifunge, kisha nenda mwenyewe Settings, kwenye Windows Update, ukaangalie. Kama ni ya kweli utaikuta pale inakusubiri. Kama haipo pale, ilikuwa ya mwongo.

Nikamuuliza sasa yule fundi wa kwanza alikosea nini, maana miezi 14 nilipumzika. Akanieleza habari ya WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu fulani kwenye Windows. Waliosasisha walisasisha, waliobofya "baadaye" walibofya. Tarehe 12 Mei, Ijumaa, kikatokea kirusi kinachopita kwenye tundu lilelile, kinaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, kinafunga mafaili kwa kufuli la siri na kudai malipo ya bitkoini, pesa za mtandaoni. Kiliingia takriban nchi 150. Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Miezi miwili kasoro siku mbili, dawa ikiwa ipo mlangoni. "Na wewe shangazi," akasema, "uliifungia dawa mlango miezi 14."

Nikamwongezea biriani ili anyamaze.

Kumbe nilichokuwa nakitafuta kwa fundi kilikuwepo siku zote bila ya kuzima chochote: kitufe cha kusitisha, wiki moja kwa mbofyo, mpaka siku 35 kwenye Windows 10. Baada ya hapo inabidi usasishe kwanza ndipo usitishe tena. Ukiwa na mgao, mtihani, au harusi ya kupigia watu kadi, unasitisha siku chache kabla, unamaliza shughuli, unarudi. Bure, hakuna 15,000.

Na nilijifunza ratiba. Masasisho makubwa ya usalama ya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa 2 usiku, au saa 3 usiku wakati wenzetu wamerudisha saa nyuma kwa majira ya baridi. Mimi siyakimbilii usiku huohuo. Nangoja Alhamisi, nanunua bando la usiku, naichomeka laptopu kwenye umeme, nahakikisha betri imejaa ili umeme ukikatika isifie njiani, naingia mwenyewe kwenye Windows Update naruhusu. Kabla sijaiwasha upya, mafaili ya kikoba nayanakili kwenye flashi, na baada ya kunakili nayafungua kutoka kwenye hiyo flashi nione yanafunguka. Hilo la kuyafungua nimelinunua kwa bei kubwa. Kisha naiwasha upya na kuiacha. Hata ikikaa kwenye 30 nusu saa, siigusi kitufe. Naenda kuosha vyombo.

Oktoba 2025 likaja jingine. Kijidirisha kikubwa, karibu kioo kizima: usaidizi wa Windows 10 unaisha tarehe 14 Oktoba. Mimi wa miaka ya nyuma ningebofya au ningepiga ukelele. Nikakifunga, nikaingia Settings mwenyewe. Ilikuwepo. Kweli imeisha. Windows 11 kompyuta yangu haiwezi, inataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 na kuendelea kwa hizi za Intel, yangu ni ya 6, na hakuna apdeti ya kuongeza vizazi. Lakini palepale palikuwa na kiungo cha kujiandikisha kuongezewa masasisho ya usalama mwaka mmoja, mpaka 13 Oktoba 2026. Njia ya kulipia ni dola 30. Ipo ya bure, unakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kuna watu hawapendi hiyo, na nawaelewa. Mimi mipangilio yangu ni picha ya bahari ya Raskazone na herufi kubwa kwa sababu ya macho, waihifadhi tu. Dakika tano nikawa nimemaliza. Mtaani kwetu kuna mtu alishalipa 50,000 kwa kijana aliyemwambia laptopu yake itazimika usiku wa tarehe 14. Haizimiki. Inaendelea kufanya kazi, ila matundu mapya hayazibwi.

Mwaka huo mgao ulikuwa Jumapili ya tarehe 14 Desemba, na Jumanne ya pili ilikuwa tarehe 9. Alhamisi nilifanya yangu. Ijumaa nikasitisha kwa wiki moja. Jumapili mikeka ikatandikwa, sanduku likaletwa, na kabla ya dua Bi Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani.

"Katibu, mashine yako imeshakula?"

"Imekula tangu Alhamisi, Bi Mwenyekiti."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akatoa daftari mkobani, akalifungua ukurasa wa namba moja, akaweka kalamu juu yake.